Ukoo Wetu 🙏 (Mkesha IJUMAA)

JUMATANO

06:04 Shangazi Rehema: Bwana asifiwe familia. Mkesha ni Ijumaa, kwa simu ya kikundi. Somo Waebrania 10:19-25, kumkaribia Mungu. Naomba majina: wa kufungua kwa maombi, wa kusoma, wa kufundisha. Mwenye zamu awe amejitakasa, afunge kuanzia LEO.

06:31 Shangazi Rehema: Tiki za bluu naziona. Majina tafadhali.

09:40 Shangazi Rehema: Kikundi kizima kimya. Ingekuwa picha za harusi mngeshajaa humu.

09:52 Anko Daudi: Simu yangu imeshaanza mfungo, haijala chaji tangu jana

09:52 Neema: 😂😂😂

09:58 Shangazi Rehema: Daudi, haya si ya mzaha. Nadabu na Abihu walipeleka moto wa kigeni mbele za Bwana, wakafa pale pale. Walawi 10. Na walikuwa wana wa Haruni, si wapita njia.

10:01 Anko Daudi: Basi niandike kwenye kuzima maiki za watu. Nikikumbuka Uza alivyokufa kwa kushika sanduku la Mungu, hata maiki nitaigusa kwa kijiti

10:20 Eliya: Shikamoo shangazi. Samahani, naomba kuuliza. Somo ulilochagua ndilo linalosema tuna ujasiri wa kupaingia patakatifu kwa damu ya Yesu. Zamani aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, na damu ya ng'ombe kwa dhambi zake na ya mbuzi kwa za watu. Yesu alipokufa, pazia la hekalu likapasuka toka juu hata chini. Sasa sisi tunalishona tena kwa mfungo?

10:24 Shangazi Rehema: Marahaba. Hakuna aliyesema kufunga kunaokoa. Nasema HESHIMA. Musa aliambiwa avue viatu.

10:29 Eliya: Ni kweli. Ila aliitwa kwa jina kwanza, viatu vikafuata. Na Isaya alipolia kwamba midomo yake ni michafu hakuambiwa aende akanawe ndipo arudi. Serafi alitwaa kaa la moto madhabahuni kwa makoleo, akamfuata alipo, akamgusa midomo.

10:31 Anko Daudi: Kumbe hata serafi alitumia makoleo! Na mnanicheka na kijiti changu

10:45 Neema: Na yule mama wa miaka 12 ya kutokwa damu. Kwa Walawi 15 alikuwa najisi, lakini alipenya umati akagusa vazi. Yesu hakumuuliza amefunga siku ngapi, alimwambia imani yako imekuponya

10:50 Shangazi Rehema: Waebrania 12:14. Huo utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao. Nani anabisha?

13:15 Mama Zawadi: Mimi sina zamu. Nauliza tu, kipimo cha safari hii ni kile kile cha siku ya Bibi?

13:16 Neema: 👀

13:22 Shangazi Rehema: Wifi, hayo tulishayamaliza.

13:23 Mama Zawadi: Mliyamaliza nyinyi mliokuwa ndani. Mimi nilisimama mlangoni na Biblia, kidole kwenye zaburi niliyoambiwa niiandae.

13:24 Shangazi Rehema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

13:40 Joel: *Imesambazwa mara nyingi* TUMA KWA WATU 10 UPOKEE MUUJIZA KABLA YA SAA SITA USIKU!!!

13:41 Anko Daudi: Joel, usalama upo?

19:20 Babu: Rehema mwanangu. Nimesomewa yote tangu asubuhi. Huo mstari umeuanzia katikati. Unaanza, tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote, ndipo na huo utakatifu. Siku ya Bibi yenu nilikuwepo na mlango niliuona. Mama Zawadi afungue mkesha. Sina zaidi.

20:48 Shangazi Rehema: Nimekusikia baba.

21:02 Shangazi Rehema: Wifi, utafungua?

21:30 Shangazi Rehema: Naona umesoma.

21:33 Mama Zawadi: Nipigie. Si humu.

21:40 Anko Daudi: Kwa hiyo mfungo upo au haupo? Niiambie simu

21:44 Shangazi Rehema: Anayefunga afunge na Mungu wake, asitutangazie. Eliya utafundisha. Dakika 15, usizidishe hata moja.

21:46 Eliya: Asante shangazi. Mstari wa 22 una "tumeoshwa miili kwa maji safi". Nikigusia ubatizo si tutarudi kwenye yale ya Pasaka?

21:46 Shangazi Rehema: Usiguse.

21:47 Anko Daudi: Gusa na kijiti 😂

21:55 Shangazi Rehema: Saa tatu usiku au saa nne? Mlio zamu za kazi semeni.

22:30 Shangazi Rehema: Saa ngapi jamani?

23:47 Joel: Ndiyo nashika simu sasa hivi. Mkesha wa nini tena? Nani anafungua?

23:49 Shangazi Rehema: Soma juu Joel. La kufungua nitasema kesho.