Mama atoke nyumbani saa ngapi?

*Kikundi: Familia ya Mbezi Beach*

Rehema: Asalaam aleikum nyote, shikamooni wakubwa. Tiketi ya mama imetoka. Dar, Istanbul, Hamburg. Imeandikwa Jumamosi 03:55. Kwa hiyo Jumamosi saa tatu na dakika 55 usiku anapaa. Tutoke hapa magharibi, au mapema zaidi?

Neema: Waalaikum salaam dada. Msikodi gari kwanza. 03:55 si saa tatu. Tiketi inahesabu kuanzia saa sita usiku. Saa tatu usiku na dakika 55 ingeandikwa 21:55. Hiyo ya mama ni saa kumi kasoro dakika tano alfajiri.

Neema: Na siku pia. Kwenye tiketi tarehe inageuka saa sita usiku. Alfajiri ya Jumamosi mnaifikia kwa kutoka nyumbani Ijumaa usiku. Mkija Jumamosi baada ya magharibi, ndege iliondoka tangu alfajiri na tiketi imeshaandikwa kwamba abiria hakutokea. Wengi hukosa ndege hapa.

Shangazi Tatu: Ndiyo maana nasema watu waandike vizuri. Kwa wazee wa pwani usiku hutangulia mchana, ukisema usiku wa Jumamosi ndio huohuo wa Ijumaa jioni. Vijana wa sasa wanaelewa kinyume.

Neema: Kweli shangazi. Kwa hiyo hapa kikundini tuandike hivi hivi: USIKU WA IJUMAA KUAMKIA JUMAMOSI. Dereva naye aandikiwe hivyo hivyo, na mumtajie saa kwa Kiswahili.

Rehema: Alhamdulillah nimeuliza. Basi Ijumaa. Tutoke saa ngapi?

Mjomba Salum: Dada yangu asipate presha. Afike huko saa mbili usiku, apumzike ndani, akae na tasbihi yake.

Neema: Shikamoo mjomba. Hapo nitakuomba tusifanye hivyo. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufunguliwa masaa matatu kabla ya ndege. Ya mama itafunguliwa kama saa saba usiku. Akifika saa mbili atakaa masaa matano na masanduku mawili pembeni, hawezi kuyakabidhi, hawezi kupita uhamiaji, hata msalani atakwenda nayo. Mwenye miaka 71 na magoti yale, atapanda ndege keshachoka.

Mjomba Salum: Marahaba. Basi masaa mawili kabla?

Neema: Masaa mawili ni ya mtu mwenye begi la mkononi tu, aliyezoea. Mjomba, tusihesabu toka saa ya kupaa. Tuhesabu toka saa kaunta inapofungwa. Safari za nje kaunta nyingi hufungwa saa nzima kabla, kwa hiyo hapa ni saa tisa kasoro dakika tano usiku. Ukifika saa tisa kamili ndege unaiona pale kwenye kioo lakini humo. Si roho mbaya ya mhudumu. Orodha ya abiria imefungwa, uzito wa mizigo umeshapigiwa hesabu kwa ajili ya rubani, na masanduku ya mwisho yanapelekwa kwenye ndege. Sanduku ambalo mwenyewe hayumo ndani ya ndege lazima litafutwe lishushwe.

Neema: Kwa hiyo mama hana masaa matatu. Ana mawili ya kumaliza kaunta, toka saa saba hadi saa tisa. Kazi zote mpaka getini ni hizi. Mlangoni teminali 3 wanataka pasipoti na tiketi, halafu mizigo yote inapita kwenye mashine: weka dakika 15. Foleni ya kaunta yenyewe: 30 mpaka 45, kwa sababu ndege za usiku zinafuatana na wote wanakuja pamoja. Kaunta, kama hakuna tatizo: 10. Uhamiaji, wanapiga picha, alama za vidole na muhuri: 15 mpaka 30. Ukaguzi wa pili, mkanda na viatu: 15. Halafu geti, ambalo hufungwa kama dakika 20 kabla ya ndege kuondoka.

Idi: Shikamoo mama mkubwa, shikamooni wote. Mimi niseme ya barabarani. Toka Mbezi Beach tunashuka Bagamoyo Road mpaka Mwenge, kulia Sam Nujoma, tunavuka Ubungo, tunaingia Mandela, External, Tabata, Buguruni, Tazara tunakata kulia. Hiyo ni kilomita ishirini na kitu. Ijumaa kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku msiniambie kupita Mwenge na Ubungo, hapo masaa mawili yanaliwa bila kusogea. Ikifika saa nne inafunguka. Saa tano usiku ni dakika 50 kwa mwendo wa salama.

Idi: Ila Mandela ina malori ya bandarini usiku kucha. Likiharibika moja pale Buguruni au Tabata hakuna pa kuchepukia. Kwa hiyo juu ya hizo 50 naweka 40 za dharura. Mvua ikinyesha naongeza nusu saa nyingine, maji yakijaa hata bodaboda wanasimama.

Shangazi Tatu: Na sisi wa Magomeni tutakaokuja kumuaga?

Idi: Shangazi mkitoka Magomeni pitieni Kigogo mtokee Buguruni. Msipite Jangwani kama mvua imenyesha, maji yakijaa pale Morogoro Road hufungwa. Lakini kuagana ningesema tuagane nyumbani, mapema, baada ya isha. Mlangoni anaingia mwenye tiketi tu, nyie mtabaki nje kwenye baraza.

Rehema: Sawa. Gari gani? Jirani ana IST, amesema atatupa.

Idi: IST haitoshi dada. Buti yake linaingia sanduku moja kubwa likilala. La pili litapanda kiti cha nyuma, mama atabanwa. Nitakuja na Noah. Na jambo moja kwa yeyote atakayeendesha: TEMINALI 3. Usiku madereva wengine hufuata mazoea wakaingia teminali 2, ile ya ndege za ndani. Kumtoa mama huko na kumzungusha ni dakika 15 zimepotea bure.

Mama: Wanangu nimesoma yote, Mungu awabariki. Nimefunga dagaa, unga wa muhogo, samli, embe za Asha, na ile nyama niliyoikausha. Yote kwenye sanduku jekundu.

Asha (Hamburg): Mama shikamoo. Samli na nyama usibebe, tafadhali sana. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka nje. Wanakagua na wanatupa, pengine na faini juu. Dagaa ruksa, samaki mwisho kilo 20. Embe nazo zinataka cheti cha afya ya mimea, ziache. Nazi, ndizi na nanasi hazidaiwi cheti. Niletee nazi mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Samli nitampa Rehema.

Neema: Mama mkubwa, hilo sanduku jekundu limepimwa? Tiketi yako ni masanduku mawili, kila moja kilo 23. Huwezi kufanya moja 28 na lingine 18, hata kama jumla ni 46. Kaunta nyingi wanaangalia sanduku kwa sanduku.

Neema: Mnaona, muda mwingi unapotelea hapa. Mtu anafika kaunta mapema kabisa, mizani inasoma 27.4. Anaambiwa apunguze au alipie. Anatoka kwenye foleni, anafungua sanduku sakafuni, nguo nje, unga nje, anahamishia begi la mkononi, begi la mkononi nalo linazidi, anarudi mwisho wa foleni. Dakika 40. Funga kwa kilo 21 na nusu. Mizani ya nyumbani na ya kaunta hazisemi kitu kimoja, hiyo kilo na nusu ndiyo nafasi yako.

Mjomba Salum: Mimi ninayo ile mizani ya ndoano, ya kushika mkononi.

Neema: Hiyo hiyo mjomba. Ndoano ipite kwenye mpini wa sanduku, mnyanyue mpaka liache sakafu kabisa, msubiri namba itulie. Likigusa mguu wako inasoma pungufu.

Rehema: Na nyaraka? Pasipoti yake mpya, ya kielektroniki.

Neema: Fungua tiketi na pasipoti uziweke sambamba, soma herufi moja moja. Mwanaisha na Mwanaasha ni watu wawili kwenye kompyuta. Ukikuta kosa, leo hii mpigie wakala aliyekata tiketi arekebishe. Usiku ule wakala amelala.

Neema: Kwa Ujerumani pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya siku atakayotoka Ulaya. Mhudumu wa kaunta ndiye atakayekagua viza kabla ya uhamiaji, na anakagua kweli, kwa sababu abiria akikataliwa huko shirika la ndege ndilo linalomrudisha. Atataka viza, tiketi ya kurudi, pengine bima ya safari ile ya euro 30,000 na barua ya mwaliko. Zote ziwe kwenye karatasi, kwenye bahasha moja, ndani ya mkoba wa mama. Zisiwe kwenye simu ya Rehema, Rehema atakuwa nje.

Asha (Hamburg): Na huku akifika watampiga picha mpakani, utaratibu mpya wa Ulaya ulianza Oktoba 2025. Foleni inaweza kuwa ndefu, asishangae. Nitakuwa mlangoni.

Rehema: Nikimsajili mtandaoni siku moja kabla, hatapita kaunta?

Neema: Msajili, inasaidia kupata kiti cha karibu na njia. Lakini kaunta atapita tu, ana mizigo na viza ya kukaguliwa. Usipunguze muda kwa sababu hiyo.

Neema: Na omba kiti cha magurudumu. Leo, si siku ile. Wanataka taarifa angalau masaa 48 kabla. Piga shirika la ndege, toa namba ya tiketi, sema hawezi kutembea mbali wala ngazi. Waandike kwa safari zote mbili, Istanbul pia, uwanja ule ni mkubwa mno. Mwenye kiti anatakiwa awahi kidogo kuliko wengine, maana anasukumwa na mtu na mtu huyo anasubiriwa.

Mama: Dawa zangu za presha?

Neema: Mkononi mama mkubwa, kwenye maboksi yake, na karatasi ya daktari. Dawa usiziweke sanduku linaloingia chini. Maji na mafuta ya mkononi mwisho mililita 100 kila chupa, vichupa vyote kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Ile chupa yako ya maji ya zamzam ya nusu lita itachukuliwa kwenye ukaguzi wa pili, ifunge vizuri iende chini. Chaji ya akiba ya simu kinyume chake: mkononi tu, ikionekana kwenye sanduku utaitwa ulifungue. Ya mAh 20,000 ni sawa, ni kama wati-saa 74, mwisho ni 100.

Shangazi Tatu: Na asifunge vitu kwenye mifuko ya plastiki. Mifuko ya kubebea imekatazwa nchini toka Juni 2019.

Rehema: Basi tukate. Neema sema.

Neema: Mama awe mlangoni teminali 3 saa saba kasoro robo usiku, kaunta ikifunguliwa awe wa mwanzoni. Idi, rudi nyuma toka hapo.

Idi: Dakika 50 za njia na 40 za dharura. Tunatoka Mbezi Beach saa tano na robo usiku, IJUMAA. Mvua ikinyesha, saa tano kasoro robo. Nitalaza Noah hapo kwenu tangu saa nne, mafuta yamejaa, masanduku yanaingia kabla mama hajavaa viatu.

Mjomba Salum: Na foleni isipokuwepo?

Idi: Tutafika saa sita na dakika tano. Atakaa kwenye gari, viti vya Noah vinalala, mpaka saa saba kasoro robo.

Rehema: Nimempigia wakala. Jina liko sawa, kiti cha magurudumu wameandika, wamesema nipige tena Alhamisi kuhakikisha.

Mama: Haya. Ijumaa, saa tano na robo. Salum, niletee mizani kesho, lile jekundu nimelinyanyua limenishinda.