Beauty Turner wa Chicago: heshima ipi inamfaa?

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu:
Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandaa makala ya redio ya jamii kuhusu waandishi waliotoka miongoni mwa wapangaji wa nyumba za umma, yaani nyumba za serikali za kupangisha watu wa kipato cha chini, na nimemchagua Beauty Turner, aliyefariki Desemba 2008. Aliishi Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 yaliyokuwa upande wa kusini wa Chicago, kisha akawa mhariri msaidizi wa Residents' Journal, gazeti lililoandikwa na wapangaji wenyewe. Je, amekumbukwa vipi, na heshima hiyo inalingana na kazi yake?

Mzee wa Chumba cha Habari:
Ndugu, tuanze na kazi yenyewe. Mamlaka ya nyumba ya Chicago ilipoanza mwaka 2000 mpango wa kubomoa maghorofa na kujenga au kukarabati nyumba 25,000, Turner aliifuatilia habari hiyo kwa jicho la mtu anayefungasha vyombo: familia inahamia wapi, nani ana haki ya kurudi, na vocha ya serikali ya kusaidia kulipa kodi ya nyumba inamfikisha mama mwenye watoto mtaa gani. Mwaka 2007, Robert Taylor Homes zikimalizikia kubomolewa, alikuwa akiwapakia wageni kwenye basi na kuwatembeza maeneo hayo, na ziara hizo zikajulikana kwa jina la basi la "ghetto", neno linaloweza kusikika kama dharau kwa mtaa wa maskini. Wapo waliokerwa na jina hilo. Mimi naona ndilo lililowafanya watu wapande.

Bi. Mkutubi:
Nakubaliana na Mzee. Kuhusu kumbukumbu, Makumbusho ya Taifa ya Nyumba za Umma, yaliyofunguliwa Chicago mwaka 2025 ndani ya jengo pekee lililosalia la Jane Addams Homes, nyumba nyingine za umma za jiji hilo, yana chuo cha historia simulizi chenye jina la Turner, ambamo wapangaji hufunzwa kuwahoji wenzao na kuyahifadhi masimulizi yao. Heshima ya jina tupu ni ya kutiliwa shaka, na mfano uko palepale alipoishi. Robert Taylor, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuiongoza bodi ya mamlaka ile ya nyumba, alijiuzulu mwaka 1950 kwa sababu baraza la jiji lilikataa viwanja ambavyo vingewachanganya weusi na weupe. Miaka kama kumi baadaye jina lake likabandikwa kwenye maghorofa yaliyowatenga watu weusi hasa.

Mzee wa Chumba cha Habari:
Umesema kweli, Bi. Mkutubi, nami naongeza angalizo moja. Masimulizi hukusanya yaliyopita, ilhali mwandishi wa habari huwabana wakubwa wakati uamuzi haujapitishwa bado, na huo upande wa pili wa Turner chuo peke yake hakiwezi kuubeba.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu:
Nawashukuru nyote. Nitaanza na kisa cha Robert Taylor, kisha nitauliza hewani ni mpangaji yupi hapa kwetu anayeandika habari za mtaa wake sasa hivi, na nani anamlipia karatasi.