Tupeane uzoefu: ni nini kiliwapa moyo watu wa famasia hospitalini kwenu?

Mwanzilishi, Kisumu: Habari zenu wadau. Nasimamia famasia ya hospitali. Mvua za masika zikishaleta malaria, foleni ya dirishani hufika nje. Mshahara unalipwa na kaunti, huo siuwezi. Nauliza yale tunayoyaweza.

Nianze na langu. Kijana wetu wa dirishani alipokea karatasi ya AL, dawa ya malaria: vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Aliyebebwa mgongoni ni mtoto wa kilo 12, na dozi yake ni kidonge 1 kila mara. Alikataa kutoa dawa. Aliyeandika akamfokea mbele ya mama wa mtoto. Nilimshika mkono tukarudi wote chumba cha aliyeandika, karatasi ikaandikwa upya. Jumatatu nilimwomba asimulie kisa kikaoni. Siku hizi tuna daftari la makosa yaliyonaswa, na yeye ndiye anayelijaza kuliko wote.

Nakuru: Kwetu kilichowamaliza watu ni matusi. Dawa haijaletwa, anayetukanwa ni wa dirishani. Sasa kila asubuhi kabla ya saa mbili orodha ya dawa zilizoisha inapelekwa vyumba vyote vya madaktari, ili wasiandike tusichokuwa nacho. Matusi yamepungua sana.

Kakamega: Ratiba ya zamu itoke mwezi mzima kabla. Mtu apange na watoto wake.

Bungoma: Mimi naomba mjihadhari na cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi. Kwetu kilikwenda dirishani kila mara, kwa sababu huko ndiko wakubwa wanakopita. Dada wa stoo, anayepokea makatoni ya KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, na kuyapanga ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, hakuwahi kukipata. Nilimkuta saa moja jioni akihesabu peke yake, kadi za stoo zimejaa magotini. Aliniambia, "Hakuna anayejua niko huku." Tuliacha vyeti. Sasa kila mtu hukaa stoo wiki moja kwa zamu, na mwisho wa mwezi tunahesabu pamoja.

Mwanzilishi: Hili la stoo limenigusa, naona wa kwangu hapo. Ndugu wa Nakuru, hiyo orodha huandikwa na nani? Nataka kuianza wiki hii.

Nakuru: Anayetoka zamu ya usiku. Ndiye aliyefungua boksi la mwisho.