Naombeni ushauri: piano inayojipiga yenyewe, tulipie muziki kila mwezi au tununue mafaili?

Wakuu, salaam kutoka Mikindani. Bosi wangu ana hoteli ndogo hapa, kaleta piano ya Yamaha Disklavier ENSPIRE, ile inayojipiga yenyewe. Vibonye vinapanda na kushuka utadhani kakaa jini. Dada wa usafi haigusi hata kwa kitambaa.

Imekuja na nyimbo zake ndani, ila tumeshazichoka. Sasa bosi anataka tujiunge na redio yao ya mtandaoni, inayolipiwa kila mwezi. Mimi nasita. Intaneti yetu jioni ni ya kubahatisha, na jioni ndipo wageni wanakula. Mafaili ya MIDI ni madogo mno, hayabebi sauti yenyewe bali maelekezo ya kibonye gani kipigwe, lini na kwa nguvu gani. Unayaweka kwenye flashi, piano inayasoma bila mtandao.

Aliyewahi kulipia hiyo redio, mtandao ukiyumba wimbo unakatika katikati? Na kuna mtu anayetengeneza MIDI za taarabu? Wenye harusi wanaziulizia sana, jazi hawaitaki.

Pia, fundi wa kutyuni anapatikana Mtwara au mpaka Dar? Chumvi ya bahari hii inanitia wasiwasi.