Ua la kudumu karibu na bahari: vinka, mrehani au lavenda?

UaLaCasuarina (Malindi)
Hamjambo wapenzi wa bustani. Nyumba yetu iko karibu na ufuo, udongo ni mchanga mtupu na maji ya kisima yana chumvichumvi. Natafuta mmea wa maua niupande mara moja udumu, si wa kupandwa upya kila msimu. Nimebakiza mitatu: vinka (lile ua la petali tano, jeupe au la waridi, linalojiotea hata kando ya njia), mrehani, na lavenda, ambayo nimeiona kwa jamaa zetu Limuru, kule bara kwenye baridi, imenawiri ajabu. Kwenye kitalu wanasema yote inakubali hapa. Ninyi mnaoipanda mnasemaje?

ShambaNgala
Lavenda iache hukohuko Limuru, dada. Imezoea nchi za Mediterania, kiangazi kikavu na baridi kiasi. Huku kinachoiua ni unyevu wa hewa kuliko jua. Masika yakiingia, kuanzia Aprili, majani ya ndani ya kichaka yanakuwa meusi, kisha shina linaoza kutoka chini. Hata ikipona, aina nyingi hazichanui vizuri zisipopata baridi.

Vinka ni kwao huku. Asili yake Madagaska, inastahimili jua, mchanga na upepo wa bahari. Adui yake ni maji mengi. Udongo ukilowa siku nzima mizizi inaoza, na mmea unanyauka ilhali udongo umelowa. Watu wakiona umenyauka wanazidi kumwagilia, basi ndiyo mwisho wake. Tia kidole kwenye mchanga: ukiwa mkavu hadi kifundo cha pili, ndipo unyweshe.

BintiLangoni (Lamu)
Jamani, mrehani msiupite hivihivi. Vinka inapendeza macho tu, harufu haina. Mrehani jioni ukiupitia na nguo, uani kote kunanukia. Na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, utakifungaje bila rehani, yaani vijitawi vya mrehani? Asumini na mkadi peke yake havitoshi. Kwetu mrehani uko karibu na mlango wa ua, mtu akitoka anachuma kijitawi.

Unadumu miaka ukiuhudumia. Siri ni kukata vishada vya maua kabla havijakomaza mbegu. Ukiuacha uzae wote, unageuka vijiti na kukauka. Kata juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea, hapo yatachipua matawi mawili. Mbolea kwetu si shida, samadi ya punda imejaa, ila iache ioze kabisa kwanza.

Lakini nikubali jambo moja: maji ya chumvi hauyataki. Ncha za majani zinaungua na mmea unadumaa. Sisi tunaunywesha maji ya mvua ya kwenye jabia, lile birika kubwa la kuhifadhia maji.

ShambaNgala
Hapo kwenye maji ndipo penye neno. Dada wa Casuarina, angalia ukingo wa vyungu vyako. Ukiona ukoko mweupe kama chokaa, chumvi inajikusanya. Kunywesha kidogokidogo kila siku ndiko kunakoizidisha: maji yanakauka, chumvi inabaki. Bora unyweshe mara chache lakini kwa wingi, mpaka maji yatoke chini ya chungu. Mvua ikinyesha, toa vyungu nje vioshwe.

Tena, ukitumia makumbi kufunika udongo, uliza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamelewa chumvi. Na kama udongo wako una vipande vingi vya matumbawe, vinka itakuwa na majani ya njano yenye mishipa ya kijani. Hiyo si kiu, ni kukosa chuma kwa sababu ya chokaa. Tia mboji nyingi.

MuuguziMaweni
Naomba mnisikilize katika hili. Vinka ni sumu ikiliwa, kwa watoto na kwa mifugo. Naona watu wanachemsha majani yake wanakunywa kwa ajili ya kisukari. Watafiti wa Kanada katika miaka ya 1950 walianza na dhana hiyohiyo ya kisukari, wakakuta dondoo la majani linashusha chembe nyeupe za damu. Ndiko zilikotoka dawa za saratani, vinblastini na vinkristini, na vinkristini hadi leo inatibu watoto wenye saratani ya damu. Hospitalini dawa hiyo hupimwa kwa miligramu na mgonjwa huangaliwa damu yake. Birika la nyumbani halina kipimo. Tafadhali, pandeni kwa uzuri wake, msinywe.

UaLaCasuarina (Malindi)
Ahsanteni sana, na wewe muuguzi Mungu akubariki. Nina wajukuu wadogo, kwa hiyo vinka nitaipanda upande wa nje wa ukuta unaoelekea bahari, wasikochezea. Mrehani uani, kwa maji ya tangi la mvua. Lavenda nimeachana nayo. Sasa vinka nianze na mbegu au tawi?

BintiLangoni (Lamu)
Mama, vyote vinakubali. Tawi linawahi: kata lisilo na maua, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mbichi kivulini. Mbegu chuma vile viganda vyembamba viwiliviwili vinapoanza kuwa njano, kabla havijapasuka. Zifunike vizuri kwa udongo, kwani zinaota vyema gizani. Upepo wa kusi ukikaza, miche ikinge na makuti mpaka ishike. Na ukipita Lamu, karibu Langoni, nitakukatia rehani.

ShambaNgala
Na matawi yakirefuka sana, vinka ipunguze hadi nusu masika yanapokwisha. Itachipua upya.