Kifaa cha GPS kimeichakachua njia niliyoirekodi mwenyewe Mlima Rungwe, na muuzaji anasingizia miti

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mwezi Agosti, wakati wa kiangazi, nilipanda Mlima Rungwe kutokea Isongole nikiongozwa na mzee anayeufahamu msitu ule tangu utotoni, na njia yake yote nikairekodi kwa kifaa cha GPS nilichonunua katika duka moja hapa Mbeya mjini. Muuzaji alinihakikishia kwamba njia ikishahifadhiwa, kifaa kitanipitisha humohumo siku yoyote. Kwa kuiamini kauli hiyo, mwezi Januari nilirudi mlimani na mpwa wangu, bila mzee.

Ukungu ulitukuta kwenye mianzi, mahali ambapo hata jua likiwaka ni shida kumwona aliyekutangulia. Nikaifungua njia yangu na kukiamuru kifaa kiifuate. Mstari uliotokea ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na pale ambapo mzee alilizunguka korongo, wenyewe ulilikata katikati. Tuliufuata. Mpwa wangu aliteleza akaumia goti, nami nikamshika mkono hadi barabarani, tukafika usiku.

Nilipolalamika, muuzaji alidai kwamba miti huzuia setilaiti. Hiyo ni dharau. Kifaa huhitaji mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne ili kijue kilipo pamoja na mwinuko wake, na ni kweli kwamba majani mazito huyadhoofisha na kuta za korongo huyarudisha kama mwangwi. Lakini kosa la aina hiyo huuyumbisha mstari huku na huku, ukawa na meno kama msumeno, wala haliwezi kuunyoosha wote kama rula. Isitoshe, nakala niliyoihamishia kwenye kompyuta Agosti ileile ina nukta 3,140, yaani mahali kifaa kiliporekodi kilipo, na urefu wa kilomita 9.2, ilhali njia ambayo kifaa kilitufuatisha ina nukta 50 na kilomita 7.1. Hizo kilomita mbili hazikumezwa na miti. Kifaa kilipoamriwa kuifuata njia, kiliigeuza kuwa vituo vichache, kikaviunganisha kwa mistari iliyonyooka na kuzitupa kona zote, bila onyo hata moja kwenye kioo.

Na kona ndizo njia yenyewe! Mzee alizunguka kwa sababu kule chini ni poromoko, na ujuzi wake wa miaka mingi ulikuwa ndani ya zile nukta 3,090 zilizofutwa.

Sasa muuzaji anataka nimlipe tena ili akirekebishe kifaa. Sitalipa. Ninadai fedha zangu, na ninadai awapigie simu wote aliowauzia kifaa cha aina hii kabla hawajaingia msituni, kwa kuwa anazo namba zao kwenye daftari la risiti. Namba yangu aliiandika mbele ya macho yangu.