Taa ya injini inawaka na kuzima: je, ninunue kifaa cha kusomea hitilafu za pikipiki?

Mkaa Shangani

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Mtwara mjini. Nina pikipiki ya injekta ya cc 150, toleo la 2018, ambayo ninaitumia kwenda kazini na mara kwa mara kufika Msimbati kwa njia ya mchanga. Kwa muda sasa taa ya injini huwaka nikiwa njiani, injini ikasitasita ninapoanza kuvuta mafuta, kisha hali ikarudi kuwa ya kawaida kana kwamba hapakuwa na tatizo. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe kompyuta ya injini bila kupima chochote, na bei aliyonitajia ni kubwa mno. Nimeona vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye magari na kusomwa kwa simu. Je, vinaweza kusoma pikipiki? Na kikinipa namba ya hitilafu, nifanye nini baada ya hapo bila kuharibu kitu?

Fundi wa Mikindani

Kaka, kompyuta usiinunue. Ni miongoni mwa vitu vinavyoharibika kwa nadra sana kwenye pikipiki, na anayeanza na hiyo kabla ya kupima anabahatisha kwa fedha zako.

Kuhusu kifaa, magari yana soketi ya pini 16 inayofanana kwa karibu kampuni zote, ndiyo maana kifaa kimoja huyatosha mengi. Kwenye pikipiki kila kampuni ilijitengenezea soketi yake kwa miaka mingi, na ile nyekundu ya pini 6, inayofanana kwa kampuni nyingi, imeenea pamoja na kanuni za moshi za Euro 5, zilizoanza kutumika Ulaya mwaka 2020. India nayo ilianza kudai mfumo wa kujipima kwenye pikipiki mpya mwezi Aprili mwaka huohuo, lakini kanuni hizo zinahusu zinazouzwa kwao. Pikipiki yenye jina lilelile iliyoletwa huku inaweza kuwa bado ya kabureta, isiyo na kompyuta ya kusomwa. Kwa hiyo yako ya 2018 huenda ikahitaji waya wa kubadilishia soketi, na hata ukiupata, kifaa cha bei ndogo cha aina ya ELM327, kama hivyo vya Bluetooth ulivyoviona, kinaweza kukaa kimya kwa sababu hakijui namna ya kuanzisha mazungumzo na kompyuta ya kampuni hiyo. Mwambie muuzaji akuonyeshe kikisoma pikipiki ya aina yako. Akikuonyesha kwenye gari, bado hajakuonyesha kitu.

Kabla ya kutoa fedha, soma kitabu cha pikipiki yako, kwa kuwa nyingi hutoa namba kwa taa yenyewe. Kwa Honda, kwa mfano, mwako mrefu huhesabiwa kumi na mfupi huhesabiwa moja: mirefu miwili na mfupi mmoja ni 21, yaani sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, na mifupi minane ni sensa ya throto, ile inayopima kipepeo cha hewa kimefunguka kiasi gani.

Jambo ninalokuomba ulishike ni kwamba namba haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta haikuridhika na umeme unaotoka upande ule, na upande ule una sensa, una waya na una viunganishi. Huku kwetu pwani, ninachokikuta mara nyingi ni kiunganishi kilicholiwa na chumvi, hasa kwa pikipiki zinazopita kwenye mchanga wa ufukweni kisha zikaoshwa kwa mashine ya maji yenye nguvu.

Mwana wa Lindi

Naungana na fundi, ila mimi ningetanguliza multimita, yaani kipimo cha umeme, kwa sababu inafaa hata kwa bodaboda za kabureta ambazo hazina kompyuta ya kusomwa. Anza na betri: ikiwa imejaa na injini imezimwa, itakuwa karibu volti 12.6, injini ikinguruma na ukivuta mafuta kidogo, itafute kati ya 13.5 na 14.5. Betri dhaifu huifanya kompyuta itoe namba za uongo, na utahangaika na sensa isiyo na kosa.

Jambo lingine ni mafuta. Ukienda Liwale au Nachingwea na kujaza ya chupa njiani, maji na uchafu vinaweza kuifanya injini isitesite hivyohivyo, na hakuna kifaa kitakachokuandikia kwamba petroli ilikuwa chafu.

Mkaa Shangani

Nawashukuru sana. Jirani ana kifaa chenye waya unaofaa, na kimetoa P0122. Betri inasoma 12.5, injini ikiwaka inapanda hadi 14.1. Nimefungua kiunganishi cha sensa ya throto: kati ya pini tatu, moja ina ukungu wa kijani, na mpira wa kuzuia maji umejikunja upande mmoja. Je, niagize sensa?

Fundi wa Mikindani

Usiagize bado. P0122 ina maana kwamba umeme wa taarifa kutoka sensa ya throto uko chini kuliko kiwango, na pini yenye ukungu inatosha kabisa kusababisha hayo. Zima swichi, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, sugua kwa mswaki laini na uache pakauke. Msasa usiuguse, kwani unaondoa ngozi ya juu ya pini na kutu itarudi upesi.

Kisha rudisha kiunganishi, washa swichi bila kuwasha injini, na upime kwa pini nyembamba inayopita nyuma ya kiunganishi. Watu wengi huchoma ganda la waya kwa sindano. Kwa hewa hii ya chumvi, tundu hilo litakuletea tatizo jipya baada ya miezi michache. Waya mmoja uwe na volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni hasi, na wa tatu uanze karibu na nusu volti, kisha uwe unapanda bila kuruka hadi kupita volti 4 unapozungusha mkono wa mafuta. Volti 5 zikikosekana, chomoa sensa: zikirudi, sensa ndiyo inayozivuta chini, zisiporudi, fuata waya kuelekea kwenye kompyuta. Zikiwapo lakini waya wa tatu unarukaruka, hapo ndipo sensa inunuliwe.

Andika namba hiyo mahali kabla ya kuifuta, maana kuifuta hakutengenezi kitu. Na mpira uliojikunja utafutie mwingine kabla hujarudi Msimbati, kwani maji yalipita hapo.